Kumfundisha Annonciata Kupiga

Jumamosi, 1 Februari

Mwalimu Enoka alikuja leo mchana, viatu mkononi kwa ajili ya tope, akaniuliza kama ni kweli chuoni nilikuwa kwenye timu ya besiboli. Nikamwambia sikuwa mchezaji, nilikuwa naandika matokeo tu. Akasema inatosha, Kasokola nzima hakuna mwingine aliyewahi kuuona mchezo huo mwanzo hadi mwisho.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa tano kutakuwa na mchujo Mpanda mjini. Kuna shule ya bweni Dodoma inaanzisha timu ya besiboli ya wasichana, na inataka wawili kutoka mkoa wetu, wasiozidi miaka kumi na mbili, wanaojua kupiga mpira. Watakaochaguliwa watasoma huko mpaka kidato cha nne. Mwalimu amemtaja Annonciata, binti wa kaka yangu, kwa sababu anawashinda wavulana kwa mbio, na kwa sababu, alisema akishusha sauti, "huyu tukimwacha hivi hivi, mwezi wa sita hatunaye."

Ni kweli. Mama yetu yuko Ugalla, macho yamekufa yote mawili, na hataki kuhama mahali alipomzika baba. Kaka Salvator ameshaamua: baada ya mavuno Annonciata ataenda kukaa naye. Shule itakuwa imeishia darasa la sita. Nilipomweleza kaka habari ya mchujo alisukuma sahani ya ugali pembeni, akasema, "Akipata, nitamtafutia mama mtu mwingine, hata kwa kupiga magoti. Asipopata, Emelyne, usije kunililia."

Kaka yangu ni mtu mgumu. Ninakaa kwake, siwezi kumwambia.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nilifika ofisini nimelowa, mkuu wangu Mama Getrude akatazama saa ya ukutani.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya kwanza. Gongo la kupigia hatuna, tumechukua mpini wa jembe ambao haujatiwa chuma. Mpira ni soksi zangu mbili za chuo, nimezijaza vitambaa na kuzishona. Nilirusha mara arobaini. Annonciata aligusa tatu, na zote tatu zilikwenda chini ya miguu yake. Mdogo wake Pacifique, ana miaka minane, alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Nimegundua kosa. Anauinua mpini juu ya kichwa na kuushusha kama anapasua kuni. Tangu ana miaka sita kuni za nyumba hii anapasua yeye. Mwili umezoea kwenda chini.

Nilimwambia, "Usikate. Zungusha." Akasema, "Ndiyo, masenge," yaani shangazi kwa Kirundi chetu, kisha akakata tena.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Hatukufanya kitu. Bado wiki kumi na moja.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nimefunga mpira kwa kamba kwenye boriti ya kibanda cha jiko, unaning'inia usawa wa kiuno chake. Hauhitaji mrushaji. Anaupiga, unakwenda, unarudi, anaupiga tena. Nilimwambia ashike mpini kama anafagia uwanja kwa ufagio wa mti mrefu, afagie hewa. Hapo akaelewa. Mara ya kwanza mpira ulizunguka boriti mara mbili na kukwama. Annonciata aliuangalia kama mtu aliyeona nyoka mzuri.

Wifi yangu Marsela alitoka jikoni na mtoto mgongoni. "Mkiniangushia jiko mtapika kwenye besiboli yenu."

Jumapili, 23 Februari

Naandika kwa aibu. Leo nilimpigisha mara mia moja na ishirini. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na kila alipokosa sikuihesabu. Alipofika mia alikuwa analia bila sauti, huku anapiga. Mimi nikaendelea kuhesabu. Kila akikosa nilikuwa namwona yuko Ugalla tayari, anamshika mama mkono kumpeleka chooni.

Pacifique ndiye aliyenizuia. Alikuja akaushika mpira kwa mikono miwili, akasema, "Masenge, mpira umechoka."

Jumamosi, 1 Machi

Annonciata alisema anaumwa tumbo. Haumwi.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Enoka kukiri. Nilimdharau mtu huyu kwa suti yake ya michezo na filimbi anayoivaa mpaka kanisani. Hakunicheka. Alisema, "Dada, mtoto hapigi mpira kwa hofu yako. Piga kumi, pumzika, badilisha. Na uache wakati yeye bado anataka. Akikuomba tena, mwambie kesho." Kisha akaniuliza kama nyumbani tuna magunzi.

Magunzi tunayo gunia zima, ya mwaka jana, kwa ajili ya kuwashia moto.

Jumamosi, 8 Machi

Gunzi ni jepesi, linayumba hewani, halina njia moja. Anayeweza kupiga gunzi, mpira kwake ni mkubwa kama boga. Nimelichukua turubai la kuanikia mahindi, tumelitundika kwenye kamba ya nguo, na Pacifique amechora kwa mkaa kuku, mbuzi, ng'ombe na fisi. Ukimpiga kuku umepata moja, mbuzi mbili, ng'ombe tano. Ukimpiga fisi, amekula mifugo yako yote, unaanza sifuri. Kila mmoja anarushiwa magunzi kumi, kisha anakuwa mrushaji.

Mimi nilipata sifuri. Marsela alinikabidhi mtoto, akaja na kanga kiunoni, akapata ng'ombe wawili na kurudi jikoni.

Jirani yetu Kija, mama yake Mwandu, alisimama uani kwake na mchi mkononi. "Nyie watu! Wenzenu wanachoma magunzi, nyie mnayachapa! Yamewakosea nini?"

"Njoo ujaribu, mama Mwandu," Annonciata akamwita.

"Nije nimpige fisi nipoteze ng'ombe? Mimi Msukuma, mwanangu, ng'ombe siwachezei."

Jua lilipozama Annonciata akaomba kumi nyingine. Nikasema kesho. Alininunia, na ndani yangu nilifurahi, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu ya mchujo imefika. Nimeijaza mimi, kwa kalamu nyeusi, kwa herufi kubwa.

Ilikuwa na visanduku vitatu: jina la kwanza, jina la baba, jina la ukoo. Kwetu hakuna jina la ukoo. Wazee wetu walitoka Burundi na desturi yao: kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, kutokana na kile wazazi walichokuwa wanapitia. Kaka ni Salvator Bigirimana, mimi ni Emelyne Nduwimana, baba mmoja mama mmoja. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Annonciata Niyonkuru. Uraia tunao, vyeti tunavyo, lakini tangu sekondari sijawahi kupita dirisha lolote la ofisi bila kuulizwa, "Huyu ni kaka yako? Mbona majina hayafanani?" Na wiki iliyopita tu Mama Getrude, mkuu wangu wa masjala, alishika jalada la mtu wa makazi ya zamani ya wakimbizi akasema mbele ya wote, "Hawa ndugu zake Emelyne, kila mtu na jina lake kama namba ya siri." Wote wakacheka. Nami nilicheka.

Nikaandika: ANNONCIATA SALVATOR BIGIRIMANA. Ilionekana safi. Ilionekana kama jina la mtoto wa mtu yeyote. Chini ya fomu kuna mstari unaosema kutoa taarifa za uongo ni kosa. Niliusoma mara mbili. Baba yake si Salvator Bigirimana? Ni yeye. Nikaifunga kwenye bahasha.

Alhamisi, 13 Machi

Ng'ombe watatu, mbuzi mmoja, fisi hapana.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kubwa, daraja dogo limezibwa na magogo. Nilivuka kwa kushikwa mkono na mtu wa bodaboda. Nimechelewa dakika hamsini. Mama Getrude alisema, "Uko kwenye muda wa majaribio, unakumbuka?" Ninakumbuka. Miezi minne imepita, imebaki minane. Huwa ninaota barua ya kuachishwa kazi, na kwenye ndoto barua hiyo nimeiandika mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Sasa ninarusha maharage mabichi, anayapiga kwa ufito mwembamba. Mwalimu ndiye aliyenifundisha: jicho likizoea kidogo, kikubwa hakilisumbui. Katika kumi alipiga sita. Kuku wa Kija walivuka kuja kula yaliyoanguka. Kija akasema kama mazoezi ni haya yaendelee, kuku wananenepa.

Tukafanya na mchezo wa wito. Nikisema "mbuzi" gunzi likiwa tayari hewani, lazima limpate mbuzi. Aliweza mara tatu. Pacifique anataka kujua kama Dodoma kuna fisi.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka Salvator alirudi kutoka shambani akatukuta. Kisha akavua kofia, akachukua mpini, akasema, "Rusha." Alikosa magunzi tisa. La kumi alimpiga fisi katikati ya tumbo. Binti yake alicheka mpaka akamshika baba yake mguu.

Baadaye, mimi na yeye tulipokuwa tunafungua turubai, alisema, "Unafikiri napenda kumpeleka? Mama aliunguza mkono wiki iliyopita. Alishika sufuria akidhani ni kinu." Nilikuwa sijui. Alikwenda Ugalla kwa baiskeli na kurudi, hakumwambia mtu. Na mimi nilimwita mgumu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hatukupiga. Tuliimba Kirundi na Kiswahili, nikaomba jambo moja tu.

Jumatano, 30 Aprili

Bado siku tatu. Hakuna mvua. Silali.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika yote, kwa utaratibu, kama inavyopaswa kuandikwa taarifa.

Kaka hakuweza kuja. Alikuwa Ugalla akimpeleka mama kliniki kwa ajili ya mkono wake ulioungua. Marsela alikuwa na mtoto mwenye homa. Nilikwenda mimi. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, Annonciata kwenye sketi yake ya shule na kaptura ndani, amebeba viatu kwenye mfuko ili visichafuke. Njiani alikuwa anaimba.

Wasichana walikuwa kumi na tisa. Tulipofika nikaona meza ya kamati, na kwenye meza hiyo, kwenye kiti cha katibu, Mama Getrude. Sikujua kwamba yuko kwenye kamati ya michezo. Nilimwambia Annonciata aende kwa mwalimu wake, mimi nikasimama nyuma ya watu, karibu na wauza karanga, na mwavuli wangu nimeufungua ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali.

Sijui kuandika jinsi alivyopiga. Walimrushia mipira kumi, mipira ya kweli, migumu, myeupe. Wa kwanza aliuacha upite, ulikuwa nje ya eneo la kupiga. Watu wakaguna. Mimi nilijua amefanya sawa. Wa pili ukaenda juu ya vichwa vyetu mpaka kwenye paa la mama lishe, nikasikia bati. Watu wakapiga kelele. Aliupiga wa tatu, wa nne, wa sita. Mrushaji mmoja alikuwa kijana mkubwa, akaanza kurusha kwa nguvu zake zote, kwa hasira, na yeye akafagia, akafagia. Minane katika kumi. Aliyemfuata alipata mitano. Mzee mmoja mbele yangu alisema, "Huyu katoka wapi?" Nikasema kwa sauti ndogo, "Kasokola." Hakusikia.

Wakaita majina. La kwanza, binti wa Usevya. La pili lilikuwa lake, lakini afisa aliyetoka kwenye ile shule aliishika fomu mkono mmoja na cheti mkono mwingine, akaita tena: "Annonciata Salvator Bigirimana. Cheti kinasema Annonciata Niyonkuru. Huyu ni nani na huyu ni nani?"

Mwalimu Enoka akakimbia. Nilimsikia vizuri. "Ni mtoto mmoja, mheshimiwa. Ni mwanafunzi wangu. Hawa majina yao yako hivyo, kila mtoto na lake."

"Mwalimu, kila mkoa walimu ndio wanaoniletea mamluki. Binti wa miaka kumi na tano anapiga kwa cheti cha mdogo wake. Neno lako silipokei. Nani alijaza fomu hii?"

"Nyumbani kwao."

"Basi nataka mtu wa nyumbani. Mzazi au ndugu. Aje hapa, aseme ndiye aliyejaza, asaini, tumalize. Yupo?"

Mama Getrude alikuwa ameivuta ile fomu, anaitazama. Anauona mwandiko wangu kila siku, kwenye kila jalada. Nilimwona anapindisha kichwa kidogo.

Hatua zilikuwa kama thelathini. Nilizipima kwa macho. Nilifikiri: nikifika pale nitasema niliandika jina ambalo haliko kwenye cheti, nikijua. Nitasaini hilo mbele ya mkuu wangu. Majaribio bado karibu miezi saba. Taarifa za uongo ni kosa. Na nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba labda mwalimu atamaliza mwenyewe, anajua kusema.

Niliinama. Nikajifanya naangalia kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

"Yupo?" afisa akauliza tena. Nikasikia filimbi ya mwalimu inagonga vifungo vyake; alikuwa anageuka huku na huku akitafuta. "Annonciata, umekuja na nani?" akamuuliza.

Sikusikia jibu. Niliponyanyua uso nilimwona amesimama wima, gongo liko mkononi, ananitazama moja kwa moja. Hakunionyesha kidole.

Walisubiri kwa muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Kisha afisa akaita jina lingine, la yule aliyepata mitano.

Njiani kurudi hakuimba. Aliniuliza kama nina njaa.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kabla ya kazi kwa Mwalimu Enoka. Nimemwambia kila kitu, pamoja na wauza karanga. Alikaa kwenye ngazi ya darasa. Alisema afisa aliondoka jana na orodha, shule imeshapokea majina. Alimpigia simu mbele yangu. Nilisikia sauti upande wa pili, ya upole kabisa: "Mwalimu, kwa nini huyo shangazi hakusema pale? Ningempokea. Nilitaka mtu mmoja tu."

Ningempokea.

Mwalimu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Haya, dada. Nenda kazini, utachelewa."

Jumanne, 6 Mei

Mama Getrude aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nikajua ni barua. Alisema, "Ulikuwa pale Jumamosi. Niliona mwavuli." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikuwa nakungoja uje. Fomu kama hizo tunarekebisha kila siku, Emelyne. Mstari mmoja, saini, mhuri. Ulifikiri ningekufanya nini?"

Ofisi nzima nimeijaza watu wabaya kichwani mwangu, na leo mtu mbaya niliyemtafuta kwenye kile chumba alikuwa mmoja, na alikuwa upande huu wa meza.

Jumapili, 11 Mei

Kaka amerudi. Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti, kama tunavyofanya kwetu. Alisikiliza akimenya muhogo. Alimaliza kuumenya. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwita Niyonkuru. Alizaliwa mwaka ambao karatasi zetu zilikuwa hazijulikani kama zitatoka au hazitatoka. Maana yake Mungu ndiye mkubwa, kuliko hao wenye karatasi." Kisha akasema, "Usimwambie Marsela. Atakuchukia, na yeye hajui kuchukia, kutamwumiza."

Jumamosi, 17 Mei

Tunavuna. Turubai limerudi kwenye kazi yake, mahindi yameanikwa juu ya ng'ombe na mbuzi. Pacifique alimwomba dada yake warushiane magunzi mapya. Akasema hapana, mikono ina kazi.

Ijumaa, 23 Mei

Nguo za Annonciata zimeingia kwenye mfuko mmoja. Daftari za shule ameziacha kwa Pacifique.

Jumamosi, 24 Mei

Wameondoka asubuhi kwa baiskeli kwenda Ugalla, Annonciata nyuma ya baba yake.

Kabla hawajapakia nilimwita pembeni ya jiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tatu na niliyajua maneno yangu kwa moyo. Nilisema, "Annonciata, siku ile ya mchujo, mimi nilikuwa nyuma ya watu. Nilisikia wanauliza."

"Ninajua, masenge," akasema. "Nilikuona umeinama. Nikafikiri umeangusha kitu."

Nikatazama viatu vyangu.

"Nikawa nasubiri uokote," akasema, "halafu uje."

Baba yake akapiga kengele ya baiskeli. Annonciata alinipa mkono kwa heshima, mkono wa kulia, wa kushoto ameshika kiwiko, kama anavyosalimiwa mgeni.